Ashoka Ulimpa Zuhura

Baba,

Hitima yako tumeisoma Jumapili, palepale nyumbani kwako, mtaa wa Bellevue. Watu walijaa mpaka uani. Wale Wakongomani mliopakana nao dukani walikuja na masufuria yao, wakakaa nasi hadi mwisho. Ungefurahi. Mimi sikufurahi, na nakwambia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Baada ya dua, mdogo wangu Zuhura alisimama akasema anataka kuwahadithia watu yale uliyokuwa ukimhadithia huku unashona. Akaanza na Ashoka, mfalme wa India ya kale: alivyoiteka nchi ya Kalinga, alivyoona maiti zilivyotapakaa akajuta, akaagiza maneno ya huruma yachongwe kwenye mawe nchi nzima. Kiswahili chake unakijua, nusu Kizulu, nusu Kiingereza. Hata hivyo watu walilia. Mzee mmoja wa kwetu Tanga akasema, "Huyu ndiye mtoto wa fundi hasa."

Baba, roho iliniuma. Kifungua mimba wako ni mimi! Mimi ndiye niliyebaki Tanga na mama ulipokuja huku kutafuta maisha. Nimekufuata nikiwa mtu mzima, nikamkuta huyu, uliyezaa na mke wako wa huku, kakaa kando ya cherehani yako kama vile hujawahi kuwa na mtoto mwingine. Kumbe na hadithi ya Ashoka ulimpa yeye. Mimi uliniachia ya babu yake Ashoka tu, Chandragupta, mtu wa kawaida aliyempindua mfalme mkubwa akaanzisha ukoo wa Maurya.

Nikaenda jikoni kuosha vyombo, navigonganisha makusudi. Zuhura akanifuata.

"Dada, eish, naomba kitu. Niambie yule mfalme wa kwanza, babu yake Ashoka."

"Baba hakukwambia?"

"Nilimwomba sana. Alikataa. Alisema, 'Yule ni wa dada yako. Akija, muombe mwenyewe.'" Akafuta macho kwa mtandio. "Nilikuonea wivu, dada. Hata kabla sijakuona."

Nilisimama na sahani mkononi, maji yananichuruzika. Kisha nikamwambia nimechoka, labda siku nyingine. Sikuchoka, Baba. Nilisikia raha. Raha mbaya, lakini ni raha.

Halafu nikakumbuka mwisho wa hadithi hiyo. Ulinihadithia huku unafunga mizigo ya safari ya kuja huku: mfalme akamwachia mwanawe kiti, akaenda zake kusini, hakurudi. Nikakuuliza, kwa nini asimchukue mtoto wake? Ukaikaza kamba ya begi.

Nitamhadithia Zuhura, nakuahidi. Nitamwambia yote, na huo mwisho pia. Ila si wiki hii. Wiki hii niache niwe na kitu chako ambacho yeye hana.

Mungu akulaze pema, Baba. Kwaheri.

Mwanao, wa kwanza,
Mwanahawa