Chumba Chako Mwisho wa Korido

Gesti ya Mama Erasmo,
Lituhi, Wilaya ya Nyasa.
9 Julai, 2024.

Mpendwa Kaka Erasmo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Durban, wewe na kifua chako kisichopenda baridi. Sisi tupo. Mama anatembea vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu. Kijiji kizima kinanuka dagaa, usipa wa kuanika, kwa hiyo ujue njaa hakuna.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unasoma ujumbe halafu kimya. Tiki za bluu naziona, Kaka, mimi si mshamba. Egidi, mtoto wa jirani yetu Mzee Pankras, anakuja huko kutafuta kazi. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka usome.

Jambo lenyewe ni moto. Usishtuke, hakufa mtu. Jumapili moja mwezi uliopita, Mama akiwa kanisani, swichi kubwa ya pale mapokezi ilishika moto, na magodoro mapya yaliyoegeshwa ukutani yakaupokea. Moshi ukaziba mlango wa mbele. Ndani nilikuwemo mimi na Agripina, yule mfanyabiashara wa samaki kutoka Mbinga, na mwanawe mgongoni. Madirisha yote yana nondo tulizoweka kuzuia wezi. Tukakimbilia mwisho wa korido, na mwisho wa korido kuna nini? Chumba chako, kimefungwa, na ufunguo Mama kaufunga kwenye pindo la kanga, yuko nao kanisani.

Nilipiga ule mlango kwa viganja mpaka vikavimba. Naona aibu kukuambia, lakini nilikuwa naita jina lako, kana kwamba umelala humo na ungenisikia. Mtoto wa Agripina alikohoa, akakohoa, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha kuliko moshi. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu ndio waliotuokoa. Waling'oa nondo za dirisha moja kwa mtaimbo, wengine wakamwaga mchanga mlangoni. Mtoto alilazwa, sasa anacheza, Mungu ni mwema.

Baadaye akaja afisa wa zimamoto, Afande Loveth, mtu wa Kagera, mpole lakini hacheki ovyo. Alikuwa na ile ramani yetu iliyopitishwa. Akanionyesha kwamba korido ilichorwa itokee pande zote mbili, barabarani na ziwani. Huo upande wa ziwani ndio tuliouziba tukakujengea chumba, maana Mama alitaka ukirudi uamke unaliona ziwa. Sasa anataka chumba kivunjwe. Anasema njia ya kukimbilia haiwezi kupita kwenye chumba cha mtu, na mlango wake lazima ufunguke kwa kusukumwa kwenda nje, bila ufunguo. Nondo nazo ziwe za kufungulia ndani. Ametupa mpaka mwisho wa Agosti, la sivyo anaifunga gesti. Kaka, mimi namuunga mkono. Nilikuwemo mle.

Mama hataki hata kusikia. Nilipomkumbusha habari ya mtoto wa Agripina, alilia kweli, lakini ufunguo hakunipa. Fundi Joakim alikuja na nyundo yake, akamkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pako, akamwamkia, akageuza njia. Mimi nimebanwa hapo katikati. Gesti ikifungwa hatuli. Ikibaki hivi, kila mgeni akizima taa nahisi moshi puani. Chumbani kwangu silali tena, natandika mkeka mapokezi, karibu na mlango. Na nikivunja, sijui Mama atabaki na nini.

Nilimbembeleza nikamwambia ukija utalala kwangu. Akanitazama, akasema, "Hedwiga, mlango siukatai. Aniambie mwenyewe kuwa harudi, nami nitakifungua chumba kwa mkono wangu."

Miaka kumi na miwili unasema Krismasi ijayo. Tunajua una mke na watoto huko, picha tumeziona, hata Mama ameziona, na hakuna aliyekasirika. Basi sema. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Ukikaa kimya, Agosti ikiisha Joakim atavunja, na mimi ndiye nitakayemwambia Mama neno ambalo lilikuwa lako kulisema.

Shangazi Marselina anakusalimu sana. Mjomba Hyasinti wa Maguu amekutumia kahawa kidogo, Egidi anayo. Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mungu akulinde, na nyumba unayolala iwe na milango miwili.

Ni mimi mdogo wako, nimekasirika na nakupenda,
Hedwiga

N.B. Mama ameniona naandika. Hakuuliza naandika nini. Amesema tu nikuambie kwamba shuka zako amezifua tena leo, ziko kambani.