Habuba kwa elfu mbili

Nakhisa, uko? Acha unachofanya usome hii.

Natoka Ntinda sasa hivi, kwa Ramathan. Si unajua ule mchezo aliotunga, wa kukaa mezani, kurusha dadu, kila mtu anaigiza mtu wake?

Leo kulikuwa na dada mmoja mgeni. Anaanza kuigiza, anasema, "Kaa chini, wewe umeshiba lini?"

Hayo ni maneno ya habuba!!! Bibi yangu mimi! Hata ile saluti aliyokuwa anatupigia tukimaliza chakula, kaipiga!

Nikamuuliza, umemtoa wapi huyu? Anacheka. "Nimemnunua kwa simu. Elfu mbili tu."

Elfu mbili!

Kumbe Ramathan anauza wahusika mmoja mmoja, na habuba yumo. Na jina lake lile lile, Zamzam. Hakubadilisha hata herufi.

Namkabili Ramathan, eti, "Hasifa, mchezo wenyewe watu wanaupata bure. Hivi vidogo vidogo ndivyo vinanilisha."

Vidogo vidogo. Habuba.

Na mimi ndiye niliyemsimulia, siku ya arobaini ya habuba, nalia, naye anaandika. Nikadhani ananionea huruma.

Nimeinuka niondoke, yule dada akanishika mkono, kwa upole kabisa. "Kumbe unamjua? Basi niambie alikufaje. Hiyo sehemu inauzwa peke yake, na mimi sina salio."

Nakhisa, alivyokufa habuba nimewahi kuwaambia watu wawili tu. Wewe na Ramathan.