Kurasa Sita Nilizomficha Mama Mkwe

Rafika wa nyuma ya soko la samaki, umepotelea wapi? Mara ya mwisho ulikuwa mchumba, ukaniuliza kama Mundhir anafaa. Nikakwambia anafaa ila mvivu. Ukaolewa, ukanyamaza miaka minne, hata salamu. Leo mambo yamekuchachia ndiyo unakumbuka kwamba Bibi Shelbia yuko hai. Haya. Nimesomewa barua yako mara mbili, na naiweka yote hapa gazetini wenzako waione, kisha tutazungumza.

*Mpendwa Bibi, naomba msaada, na naomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Naishi na mama mkwe wangu, Mama Mahbuba, mwanamke mwema sana ila ana donge moyoni, miaka kumi na moja hasemi na mdogo wake Turkia aliyeolewa kisiwani Kerkena, na chanzo ni sharmula, lile rojo la vitunguu na zabibu la kulia samaki wa chumvi asubuhi ya Idi, maana Idi ya kwanza baada ya mama yao kufariki Turkia aliionja ya dada yake mbele ya wageni akasema, "Dada, umetia sukari ili tusijue kwamba vitunguu vimeungua," na undugu ukaishia hapo. Sasa Ramadhani hii Mama akikoroga vitunguu vyake mchana kutwa mimi humsomea riwaya, maana yeye hakusoma, inaitwa* Nyumba Mbili za Chumvi*, ni ya ndugu wawili wa kike wanaoishi pande mbili za uwanda wa chumvi na hawasemezani, na ni tamu, Bibi, Mama alikuwa akiacha mwiko hewani ananiambia, "Rudia hapo," lakini nilipochungulia mbele nikaona dada mkubwa anauvuka uwanda akiwa amechelewa, anakuta mdogo wake amezikwa juzi, na huku tumesikia Turkia anaumwa moyo, basi nikaogopa, nilipofika pale nikaruka kurasa sita nikatunga mwenyewe, nikasema mlango ulifunguliwa, wakakumbatiana, wakala sahani moja. Mama alilia, akajifuta kwa kiwiko, akasema, "Mwanangu, Idi pili nakwenda kwa Turkia," nami nikafurahi mpaka jana aliponiambia, "Hicho kitabu nifungie vizuri kwenye kitambaa, ndiyo zawadi yangu kwa Turkia, binti yake ni mwalimu, atamsomea." Bibi, mgonjwa asomewe kwamba mdogo mtu amekufa dada hajafika, tena kwenye kitabu alicholetewa na dada huyo huyo, si ataona ni tusi kubwa kuliko lile la sukari? Na nikimwambia Mama ukweli atasema nimemchezea na hatakwenda tena. Mundhir anasema, "Kimwagie maji, sema kimeharibika," mimi nimefikiria kuzichana zile kurasa, mkasi uko hapa mezani. Nifanye nini?*

Weka mkasi chini, Rafika. Na mumeo mwambie akachote maji ya kuoshea vyombo, kazi hiyo anaiweza.

Mimi pia sijui kusoma. Zamani marehemu mume wangu alinisomea barua ya kaka yangu aliyekuwa ng'ambo, akaruka mstari mmoja uliosema kaka ni mgonjwa. Alinihurumia. Nilikuja kuujua mstari ule baada ya mazishi ya kaka. Mume wangu alikuwa mtu mwema na nimemsamehe, lakini tangu siku ile hakunisomea kitu tena, barua zangu nilikuwa nampelekea jirani. Sasa elewa ulichofanya. Mama Mahbuba ameazima macho yako, nawe ukayafumba palipokuwa na jambo la kuona.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Mkwe anayekaa jikoni na saumu yake akimsomea mama wa mumewe ni binti wa kushukuriwa, na mimi nakupenda kwa hilo. Lakini kitabu umekisoma na hukukielewa. Unasema akisikia mwisho wa kweli hatakwenda. Mwanangu, mwisho uliomtungia wewe ndio unaomchelewesha. Umemwambia mlango utafunguliwa tu, basi ametulia, anasubiri Idi pili. Aliyeandika riwaya ile anamwambia asisubiri. Na moyo unaoumwa haungoji mwezi uandame.

Kwa hiyo, leo hii, vitunguu vikiwa motoni, mpokee mwiko. Mwambie, "Mama, nilikudanganya kurasa sita, kaa unisikilize," kisha soma. Atakutukana, na utukanwe, umeyatafuta mwenyewe. Usijitetee, koroga. Akinyamaza, usimjazie maneno. Kesho asubuhi mpande feri, mfuturu kwa Turkia.

Kitabu aende nacho au akiache, hilo ni lake. Akienda nacho, amwambie Turkia kwa mdomo wake kabla hakijafunguliwa: humu mna dada aliyechelewa, na mimi sikutaka kuwa yeye. Atakayeona tusi hapo ana lake.

Na sharmula iende, hata kama hamjaridhika nayo. Vitunguu vyekundu, mafuta ya zeituni, moto mdogo, muda wa saa nne bila kutoka jikoni. Zabibu kavu zilale majini, zisagwe, zikamuliwe kwenye kitambaa mpaka mikono iume. Utamu wote unatoka humo. Mdalasini, karafuu, pilipili manga, mawaridi makavu kidogo tu, si manukato hayo. Sukari hapana. Mmefunga, hamwezi kuonja, basi magharibi Turkia awe wa kwanza kuchovya. Na kama mwaka ule Mahbuba kweli alitia sukari, akiri. Mimi nadhani alitia. Mtu hanuni miaka kumi na moja kwa jambo alilosingiziwa.

Itakuwaje wakifika mlangoni, sijui, wala wewe hujui, kwa hiyo usimtungie tena. Msindikize mpaka kizingitini, halafu rudi nyuma hatua tatu.

Ukija tena kwangu, usiniletee barua. Njoo baada ya Idi, Alhamisi, na kitabu kile, hata kwa kukiazima kwa Turkia, unisomee tangu mwanzo. Ukifika kwenye zile kurasa sita, soma polepole.