Jezi za Timu Nne

Alhamisi, Guangzhou

Na nilikuwa na hakika kabisa, ndiyo maana sasa naogopa.

Timu nne tu za vyuo vikuu ndizo zitakazoingia nusu fainali kule nyumbani. Leo jezi zangu zimepakiwa kontenani katika bandari ya Huangpu, kila moja na jina la chuo kifuani. Wafanyabiashara wenzangu hununua jezi tupu, majina wakayachapisha Dar matokeo yakishajulikana. Mimi, mtabiri, nimeyachapishia huku huku, soko la Zhanxi.

Mama mwenye duka aliniuliza, "Rafiki, mechi zimeshachezwa?"

"Bado, lakini nazijua."

Alicheka mpaka akaegemea maboksi. Nami nikacheka naye, mjinga wa watu.

Jioni hii chuo cha kilimo, nilichokiamini kuliko vyote, kimefungwa tatu na kutolewa. Vingine vitatu vinacheza kesho. 

Kisha mke wangu akapiga simu. Mtaji wote wa duka lake umo ndani ya kontena lile.

"Baba Rehema, hizo jezi ni tupu, si ndiyo?"

"Mtandao unakatika, mama," nikasema, nikakata.

Mtandao ulikuwa safi. Kabla sijakata nilimsikia hata akipumua, akinisubiri.