Kriketi Mwezi wa Mfungo

Mbeya, 2 Mei 1955

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na saumu inakwenda vizuri kwa baridi hii ya Mbeya. Hofu yangu ni kwenu: mguu wa Mama unaendeleaje?

Baba, kilichonishikisha kalamu ni kriketi. Unajua tajiri wangu wa dukani alinitia katika timu yake kwa kuwa alipungukiwa mtu. Sasa mrushaji wao ni mimi. Kampuni moja ya Dar es Salaam inataka kuniajiri, kazi yangu iwe kucheza tu, kwa mshahara. Jumapili ya tarehe 15 tunakuja kucheza Iringa, na bwana wa kampuni atakuwepo kunitazama. Naomba radhi yako, na naomba uje uwanjani.

Mwanao, Yunusu


Iringa, 8 Mei 1955

Kwa mwanangu Yunusu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Mama yako anatembea, na mdomo wake haujapata kuumwa.

Barua yako nimeirudia, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Mtu mwenye ndevu alipwe kwa kurusha mpira? Wakwe wakikuuliza kazi yako, utajibu nini? Tena mwezi wenyewe ni huu, uache Kurani ukimbie juani. Najua itakavyokuwa: saa sita utashika kikombe. Njoo nyumbani ulale, daku yako ipo. Uwanjani siji, na radhi kwa kazi hiyo sina.

Baba yako, Muharami


Mbeya, 17 Mei 1955

Shikamoo Baba,

Tumefika salama, ingawa lori lilikwama kwenye tope karibu na Sao Hill. Mwambie Mama nilifuturu kwa tende zake njiani.

Jumapili asubuhi ulipotoka bila kuniaga, nilijua huji. Tulishinda, Baba. Yule bwana amenipa kazi. Nimemwambia bila radhi ya baba yangu siendi. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Anangoja jibu mpaka Idi. Ukikataa nitabaki dukani na sitanung'unika, lakini nisikufiche: naipenda kazi hii kuliko yoyote niliyowahi kuishika.

Mwanao, Yunusu


Iringa, 19 Mei 1955

Kwa Yunusu wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama yako kaninunia tangu Jumapili.

Nilikuja. Nilijibanza nyuma ya lori lenu pamoja na jirani yetu Fanueli, aliyekuwa akinieleza mchezo huku naye haujui. Nilikuja nikuone ukinywa maji, nipate la kukusema. Jua lilipokaza, wenzako Waislamu walikunywa, na ni haki yao, wasafiri wale. Wewe ulipoletewa kikombe ulikifunika kwa kiganja. Nikamsikia mmoja akikuambia, "Si hata wewe msafiri, bwana? Kunywa." Ukamjibu, "Mimi hapa niko kwetu."

Ukarudi kurusha, midomo imekauka, mpira unakutii. Unakwenda pembeni kama umepotea njia, ukigusa chini unageuka na kuangusha vijiti anavyovilinda mpigaji, naye anabaki kulitazama gongo lake. Ikawa hivyo mpaka jioni. Fanueli alipiga makofi. Mimi sikuweza, mikono yangu ilikuwa inafuta macho. Nikaondoka kabla hujaniona, maana nilikuwa nakuonea fahari nisijue nianze kusema wapi.

Ile ni kazi, mwanangu. Wakwe wakiuliza, nitawajibu mimi.

Nenda Dar es Salaam, radhi yangu unayo. Na Ramadhani ijayo ikikukuta safarini, uwanjani kwa watu, usijikaze kwa ajili yangu. Kunywa maji.

Baba yako, Muharami