Moto Nyuma ya Studio

Mjukuu wangu, mume wangu Salumu,

Assalaam aleikum. Huku Bungu sote wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na mikorosho imeanza kuchanua.

Nimefurahi bendi yenu ya muziki wa kantri huko Australia kupata tuzo. Lakini unaniuliza kama uiache ngoma yako, kwa sababu sasa wenye kurekodi wanataka mashine ipige badala yake?

Enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kikundi chetu kilishinda mashindano ya ngoma Kibiti, tukaitwa Dar kurekodi kaseti. Mwenye studio akazigonga ngoma zetu, akasema zimelala, tutumie kinanda chake cha umeme.

“Zina baridi tu,” nikamwambia. “Ngoma si redio, uiwashe tu ilie. Hukanzwa motoni kwanza.”

Akasema moto kwake marufuku. Nikatoka uani, nikakoka makumbi ya nazi, tukazikanza mpaka zikalia.

“Lete vyombo vyako vya kurekodia huku nje,” nikamwambia, “au tunarudi kwetu.”

Alivileta, huku anafoka.

Kaseti ile ninayo. Mpaka leo anasikika humo akitupigia kelele tuzime moto, na sauti yangu iko juu ya yake.

Bibi yako,
Mwanahamisi