Njia Iliyojitengeneza

Jumatatu, 5 Mei
Nimepangusa mafuvu yote ya wanyama kwenye meza ya kituo ninapofundishia wageni, la kiboko mwisho. Ni zito na silipendi. Watoto hupenda kuingiza mkono kati ya meno yake.

Halafu nikashuka kuona njia mpya ya wageni. Ile ya zamani imemezwa na ziwa, pamoja na benchi. Meneja amefurahi kweli. Vijana wa kufyeka hawakusumbuka, walikuta njia tayari, pana, inateremka mpaka majini. Wakapanga mawe kando wakayapaka chokaa. Ati imejitengeneza.

Ni mapito ya kiboko. Mifereji miwili ya miguu, katikati tuta la nyasi. Kinyesi kimerushwa vichakani mpaka kimo cha kiuno changu. Nimeogopa mchana kweupe.

Jumanne, 6 Mei
Nimemwambia meneja. Akaniuliza, si wewe mwenyewe hufundisha kwamba mchana kiboko hukaa majini, madam? Ndiyo. Mimi hufundisha pia kwamba siku ya mawingu hukawia nchi kavu. Hiyo hakutaka kusikia. Wageni wamepungua tangu ziwa lipande, anahofia kituo kitafungwa. Namwelewa. Nimemkasirikia pia.

Ijumaa tuna watoto wa shule wanaokuja kutembea. Ni shule ya Nyambura. Binti yangu atakuwa kwenye mstari wa watoto njiani humo.

Jumatano, 7 Mei
Mvua. Huku kwetu Kihoto maji yamefika mlangoni kwa jirani, ameinua viti juu ya matofali. Sisi bado. Kazi ikiisha tutahamia wapi? Nikaamua kunyamaza. Nikajichukia siku nzima.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua tena. Nyayo mpya njiani, zina maji ndani. Jiwe moja la chokaa limezamishwa kwenye matope. Nimemwita meneja aje aone mwenyewe. Amekuja amevaa gambuti, ametazama, amesema niwapitishe watoto jua likishakuwa kali. Kama litatoka.

Nyambura amenipa onyo. Nisiwaambie wenzake kwamba anaogopa viboko. Nimeahidi.

Ijumaa, 9 Mei
Mawingu tangu asubuhi. Nilisema twende upande wa juu, kwa migunga, tutazame ndege. Meneja alikuwa ameshamwahidi mwalimu ziwa. Watoto wamejipanga, wananiangalia. Nikaenda. Basi tu, nikaenda.

Mimi mbele na fimbo, mwalimu nyuma. Karibu na maji niliwapandisha ukingoni, kando ya njia, waone ndege mwari. Nyambura na rafiki yake wakabaki chini njiani, kamba ya kiatu imefunguka. Ndipo nikasikia pumzi. Haikutoka majini. Ilitoka juu, vichakani, tulikopita sasa hivi.

Kiboko akatokea njiani. Hakuwa amerudi ziwani. Anatazama maji, na mbele ya maji kuna mtoto wangu ameinama anafunga kiatu.

Sikupiga kelele. Nilimwonyesha mwalimu kiganja, akawakalisha wengine kimya. Nikateremka, nikasimama njiani mbele ya wasichana. Nikawasukuma kwa mgongo, polepole, tukatoka njiani, tukajibanza nyuma ya mgunga. Hapo akaja mbio. Nilihisi mtetemo wa ardhi kwenye meno. Mawe ya chokaa yaliruka huku na huku, halafu maji, halafu kimya. Hakuna aliyeguswa.

Nimewarudisha watoto mpaka ofisini. Meneja alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia mkononi. Akasema pole, madam, ile njia nimeifunga.

Jumamosi, 10 Mei
Sikwenda kazini. Nimevunja kikombe.

Jumapili, 11 Mei
Jua limetoka. Maji kwa jirani yamerudi nyuma kidogo. Kanisani tumekaa kiti cha nyuma.

Baada ya chai Nyambura amefanya kazi ya shule mezani. Wameambiwa wachore walichoona. Amechora ziwa, njia, kiboko mkubwa kama lori. Na mimi, mdogo, nimesimama katikati.

Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama, si ulitufundisha mtu asisimame kati ya kiboko na maji?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulisimama hapo."

Nikasema ndiyo.

Akafikiri. Akachukua kifutio, akanifuta taratibu, akapuliza vumbi. Akachora mgunga kando ya njia, mnene sana, na watu watatu nyuma yake. Kisha akaomba penseli ya kijani.